Kabla ya Siku Sifuri: kile ambacho vitabu vya saratani ya damu hukipita mbio

Ukisoma vitabu vitatu vinne vya saratani ya damu mfululizo, utaanza kubahatisha sura inayofuata kabla hujafungua ukurasa. Uchovu usioeleweka. Michubuko. Daktari anayefunga mlango kwanza ndipo aongee. Dawa kali, nywele, kioo. Halafu unakuja upandikizaji, ambao ndio kilele cha kila kitu: mfuko mdogo unaning'inia, ndugu wamezunguka kitanda, na wapo wanaoiita siku hiyo siku ya kuzaliwa mara ya pili. Hospitali huiita siku sifuri. Zinazofuata zinahesabiwa kwenda mbele, zilizotangulia zinahesabiwa kwa kutoa.

Mimi nina ugomvi na siku sifuri. Kwa mtu aliyekuwepo ni siku tulivu mno: mfuko unaingia kama damu ya kawaida inavyoingia, na mara nyingi ndani ya saa moja au mbili kazi imekwisha. Swali ambalo waandishi wengi hawalikai ni hili: zile seli zilizomo kwenye mfuko zimetoka wapi, na zimetokaje?

Nieleze kidogo kwa msomaji ambaye hajakutana na haya. Seli shina za damu makazi yake ni kwenye uloto, ndani ya mifupa. Zamani njia ilikuwa moja tu, kumlaza mtu usingizi na kuuvuta uloto kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga. Njia hiyo bado ipo. Lakini siku hizi mara nyingi mtu hudungwa sindano kila siku kwa siku nne au tano, sindano zinazozichochea seli ziongezeke na zitoke mifupani kuingia kwenye damu inayozunguka. Kisha anaunganishwa na mashine. Damu inatoka kwa mrija mmoja, mashine inaizungusha kwa kasi mpaka tabaka zake zinaachana, inachukua tabaka jembamba lenye seli zinazotakiwa, na iliyobaki inarudishwa mwilini kwa mrija wa pili. Saa nne, tano, hata sita. Mwisho wake unapata mfuko wenye rangi ya supu ya nyanya iliyotiwa maziwa. Anayeketi pale anaweza kuwa ndugu wa mgonjwa, anaweza kuwa mtu baki asiyemjua kabisa, na katika magonjwa kama mayeloma huwa mgonjwa mwenyewe: anatolewa seli zake, zinagandishwa, anapewa dawa kali ya kuufuta uloto, halafu anarudishiwa kilicho chake.

Mama yangu mdogo alikuwa wa kundi hilo la mwisho. Tulikwenda India, kama Watanzania wengi wanavyofanya, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kazi inayobebeka kwenye kompyuta, mimi ndiye niliyepewa jukumu la kumsindikiza. Mwandishi wa habari unaonekana huna kazi, ndivyo familia zetu zinavyoamini. Nilibeba vitabu. Ninachoandika hapa ni usomaji wa mtu aliyekuwa na kitabu mkono mmoja na chupa ya maji ya mgonjwa mkono wa pili.

Kitabu cha kwanza kilikuwa Between Two Kingdoms cha Suleika Jaouad, kilichotoka 2021. Wengi mnakijua. Jaouad, Mmarekani ambaye baba yake ni Mtunisia na mama yake Mswisi, alikuwa na miaka 22 alipoambiwa ana leukemia kali. Akiwa mgonjwa akaandika safu kwenye The New York Times, barua zikamiminika kutoka kila pembe, na alipopata nafuu akachukua gari na mbwa wake na kuzunguka Marekani kwa siku 100, maili 15,000, kuwatembelea baadhi ya watu waliomwandikia. Jina la kitabu linatokana na wazo la Susan Sontag kwamba kila mtu ana uraia wa nchi mbili, ya wazima na ya wagonjwa.

Ni kitabu kizuri, na sitaki mtu aniambie kwamba nimekuja kukibomoa. Nusu ya pili, ile ya safari, ni bora kuliko nusu ya kwanza, kwa sababu hapo Jaouad anauliza jambo ambalo waandishi wa ugonjwa huliogopa: mtu akishapona, anaishije? Anakiri kwamba kupona kulimshinda kuliko kuumwa. Na hajipambi. Namna anavyomwandika mpenzi wake aliyemuuguza, kuchoka kwa yule kijana, hasira zake yeye mwenyewe asiyeachwa apumue, ni uandishi wa mtu aliyeamua kutojipendelea.

Lakini yupo Adam. Adam ni mdogo wake wa kiume, ndiye aliyepimwa akaonekana anafanana naye, ndiye aliyetoa. Tunamwona Adam kwa jicho la dada yake tu, jicho lenye shukrani na hatia kidogo. Ninaelewa, haya ni maisha ya Suleika na si ya Adam, na kuna heshima katika kutokujitia ndani ya kichwa cha ndugu yako. Hata hivyo nilifika mwisho nikiwa bado nasubiri kuketi na yule kijana. Alikuwa anafikiria nini? Kijana wa umri wa chuo anaambiwa kwamba uzima wa dada yake umo mifupani mwake. Ikishindikana, ni yeye aliyeshindwa? Swali kama hilo lingebeba kitabu chake peke yake, na hapa linapita kama abiria dirishani.

Nililisoma hilo siku ya kwanza ya mashine. Na siku hiyo, kusema kweli, ndiyo iliyonifanya nianze kuandika maandishi haya pembeni mwa kurasa.

Muuguzi alikuwa akiita kazi ile kwa neno la Kiingereza la kuvuna. Ndivyo madaktari wote wanavyosema. Ma'mdogo Kiingereza chake ni cha kuombea maji, kwa hiyo mimi ndiye mkalimani, nikamwambia, "Kesho wanaanza kuvuna." Akanitazama. "Wanavuna nini? Nani alipanda?" Nikajaribu "kukusanya". Akaona hilo ni neno la sadaka na la kodi. Yeye amefuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote. Alipouona ule mrija shingoni, mfuko unajaa polepole, na akaambiwa lazima ale na anywe ili kitoke cha kutosha, akapata neno lake mwenyewe: "Ala! Kumbe wananikamua." Kuanzia hapo ikawa hivyo hivyo. "Mwanangu, leo wanakamua saa ngapi?"

Nimelifikiria neno hilo sana. Sontag katika Illness as Metaphor, kitabu cha 1978, alitaka tuondoe tamathali kwenye ugonjwa, hasa lugha ya vita, kwa kuwa inamwongezea mgonjwa mzigo wa lawama. Nakubaliana naye juu ya vita. Kila nikisoma tanzia inayosema marehemu "alipigana kishujaa" najiuliza kama anayekufa haraka alikuwa mwoga. Ila kwa tamathali zote? Hapana. Kuvuna kunamsahau aliyekaa kwenye kiti, kwa maana shamba halina hisia. Kukamua kunamkumbuka. Kukamua kunajua kwamba yupo kiumbe anayetoa, kwamba leo anaweza kugoma, kwamba asipolishwa hatoi, kwamba huwezi kumfokea. Mama mdogo hakuwa anapamba lugha. Alikuwa anajieleza kazi yake.

Maana ile ni kazi. Zile sindano za kuchochea zinauma, tena zinauma mifupani, kiunoni na mgongoni, kwa sababu uloto unasukumwa. Ukiwa kwenye mashine midomo inaanza kuwasha na vidole vinakufa ganzi: dawa inayozuia damu isigande ndani ya mirija hushika kalisiamu ya mwilini, ndiyo maana wanakupa kalisiamu ya kutafuna au wanakudunga. Chooni huendi, wanakuletea chombo. Mkono ukiukunja vibaya, au shingo ukiigeuza, mashine inapiga kelele na kila mtu anakutazama wewe. Saa tano.

Na kuna hesabu. Hapa ndipo nawashangaa waandishi, kwa kuwa hakuna kitu chenye shauku kuliko hesabu hii. Jioni maabara inahesabu seli zilizopatikana kwa kila kilo ya uzito wako. Chini ya milioni 2 kwa kilo, kwa kawaida hakuna upandikizaji. Kwa mayeloma madaktari hupenda kupata maradufu ya hapo, ili nusu iwekwe kwenye nitrojeni kwa ajili ya siku ugonjwa utakaporudi, na mayeloma ina tabia ya kurudi. Siku ya kwanza mama mdogo alipata milioni 1.2. Usiku ule iliongezwa sindano nyingine, ya bei ambayo nilipoiandika kwenye kundi la familia kulikuwa kimya kwa dakika ishirini, na kundi letu halijawahi kunyamaza dakika tano. Siku ya pili akapata 1.7. Daktari akasema inatosha mara moja. Akba ya mara ya pili hakuna, na siku ya tatu hakuona sababu ya kumtesa.

Nilitafsiri. Ma'mdogo akafikiri, akasema, "Basi wasimwage."

Niambieni ni riwaya gani isiyotaka sura hiyo.

Ipo moja iliyoitaka, na si ile ambayo watu wa blogu kama hii huisifu. My Sister's Keeper ya Jodi Picoult, 2004, ni kitabu cha uwanja wa ndege, cha kulia ndani ya basi. Anna ana miaka 13. Amezaliwa kwa kuchaguliwa maabara ili afanane na dada yake Kate mwenye leukemia. Alipozaliwa walichukua damu ya kitovu, baadaye chembe nyeupe, baadaye uloto, na sasa Kate figo zimekufa na Anna anatakiwa kutoa figo. Anakwenda kwa wakili na kuwashtaki wazazi wake. Picoult anampa karibu kila mtu sura yake ya kusimulia: Anna, mama, baba, kaka, wakili, msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Kate, ambaye habari yote inamhusu, ananyimwa sauti mpaka mwisho kabisa. Huo ni uamuzi wa busara kuliko watu wanavyompa sifa. Kwa mara moja mgonjwa si jua ambalo wengine wanalizunguka, na anayetolewa ndiye anayeongea.

Picoult anajua jambo ambalo wenye kalamu nzuri zaidi yake hawakulijali: kwamba kutoa kuna orodha, na orodha inarefuka. Hakuna siku Anna aliombwa kitu kikubwa kisichofikirika. Kila mara ni kidogo tu, ni mara hii tu, halafu barafu baridi na zawadi dukani. Mama yake si mkatili. Ana mtoto mmoja anayekufa na mwingine mwenye afya, na hesabu yake ni ya mama yeyote. Nilisoma kurasa hizo nikafunga kitabu nikatembea ukumbini.

Halafu anaharibu. Anna anashinda kesi, mahakama inampa mamlaka juu ya mwili wake, na kurasa chache baadaye ajali ya gari inamuua na figo inakwenda kwa Kate. Kwa hiyo swali lote la kitabu, je, mtu ana haki ya kusema hapana kwa ndugu yake, linajibiwa na lori. Mwandishi aliogopa jibu lake mwenyewe. Angemwacha Anna hai, na hiari mkononi, angelazimika kuandika asubuhi ya kesho yake: Anna anaamka, dada yake yuko chumba cha pili, na hakuna jaji tena. Filamu ya Nick Cassavetes ya 2009 ilibadilisha mwisho, Kate ndiye anayekufa, na mashabiki wa kitabu walinuna. Mimi naona filamu ilikuwa na adabu zaidi, japo muziki wake umezidi sukari.

Kwa David Rieff sitakaa sana. Swimming in a Sea of Death, 2008, ni kumbukumbu za mwaka wa mwisho wa mama yake, huyu huyu Sontag, aliyekuwa ameshazivuka saratani mbili kabla ya ile ya damu. Mwaka 2004 alikwenda kupandikizwa Seattle, mji ambako E. Donnall Thomas alifanya kazi iliyompa Nobeli ya 1990 kwa upandikizaji wa uloto. Haikumfaa, akafariki Desemba mwaka huo. Rieff anazunguka kitu kimoja tu: mama hakutaka kuambiwa ukweli, na yeye hakumwambia. Anarudiarudia, anakwama, anajilaumu, na kitabu kinachosha makusudi. Ni chembamba, na ndicho pekee kati ya hivi ambacho ningempa mtu anayeuguza. Mgonjwa nisingempa.

Nirudi kwa ndugu, maana hapo ndipo vitabu hivi vya Marekani vinapotugusa au kutupita. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kufanana kikamilifu na mgonjwa. Asipopatikana, watu huangalia rejista za wanaojitolea, na rejista zimejaa Wazungu: utafiti uliochapishwa 2014 kwenye New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba Mmarekani mwenye asili ya Ulaya ana nafasi ya takriban asilimia 75 ya kumpata anayefanana naye kikamilifu, na kwa watu wenye asili ya Afrika haifiki 20. Siku hizi hata nusu ya mfanano hutumika, kwa hiyo mzazi au mtoto anaweza kutoa, na jambo hilo limewafungulia mlango wengi. Lakini ona linavyofanya kwa lugha yetu. Sisi "ndugu" ni kila mtu. Binamu ni ndugu, mtoto wa baba mkubwa ni kaka, jirani aliyekunyonyesha ni mama. Maabara inakuja na mkasi. Niliketi kwenye chumba cha kusubiria na Mkenya mmoja aliyeleta "kaka" watatu kupimwa, na katika watatu daktari alimtaka mmoja tu. Wale wawili walinuna kweli, na mkubwa wao akasema mbele ya watu wote, "Sasa mimi ni nani wake?" Hiyo ni riwaya ya Kiswahili. Jaouad asingeweza kuiandika, wala Picoult.

Kiswahili kimeshaonyesha kwamba kinaweza. William Mkufya alipotoa Ua la Faraja mwaka 2004, UKIMWI ulikuwa umezikwa chini ya mabango na kauli mbiu, na yeye akaandika watu wanaotamani, wanaodanganya, wanaoogopa majibu. Saratani ya damu haijapata Mkufya wake. Maneno nayo bado yanagombana: Tanzania magazeti yanasema uloto, Wakenya wengi wanasema uboho, na kwa seli shina kuna wanaosema chembe. Si kisingizio. Tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma imekuwa ikipandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, ambao mara nyingi wanaotoa ni kaka na dada zao. Maana yake kuna watoto wa Kitanzania, sasa hivi, walio kwenye nafasi ya Anna au ya Adam, na wanaelezwa jambo hilo kwa Kiswahili na mtu fulani, jioni, nyumbani. Natamani kujua sentensi ya kwanza anaianzaje.

Mkitaka kuanza, anzeni na Jaouad, muivumilie nusu ya kwanza. American Symphony, filamu ya Matthew Heineman ya 2023 inayomfuata yeye na mumewe Jon Batiste baada ya leukemia kurudi, itazameni baada ya kitabu, si kabla. Picoult someni mpaka hukumu ya mahakama, kisha mfunge. Rieff anapatikana kwa tabu hapa Dar. Nakala yangu ninayo, ina doa la kalisiamu ya chungwa ukurasa wa kumi na kitu, na naiazima kwa anayeahidi kurudisha.